Majivu Ambayo Sikuyatafsiri

Kazi yangu ni kupima vidonda vya panya. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, na siwalaumu, kwa sababu kwetu panya ni wa kutegwa, si wa kuwekewa rula. Jirani yangu hapa Kahama, mama anayekaanga mihogo barabarani, ananiita mkunga wa panya. Kila asubuhi nikipita ananiuliza, "Wagonjwa wako wameamkaje?" Namjibu wameamka salama, hata siku ambazo wengine hawakuamka.

Shule nimeishia darasa la saba. Kwenye nyumba ya utafiti ninakofanya kazi niliingia kama mfagiaji. Daktari, ambaye ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri na ametokea mbali, aliona siogopi panya na sina tabia ya kuongeza maneno, akanifundisha kuwalisha, kuwapima uzito na kupima vidonda vyao kwa rula ndogo ya kubana. Alinifundisha pia kuandika kila kitu siku hiyohiyo. Alisema kitu usichokiandika leo, kesho utakikumbuka unavyotaka wewe. Ndiyo maana nina madaftari. Lakini siku moja ambayo ilistahili kuandikwa sikuiandika, na hii ninayoandika sasa naiandika kwa kumbukumbu, kwa hiyo anayesoma asiniamini kupita kiasi.

Panya wetu ni weupe. Wanakaa kwenye vizimba vya plastiki, tunawatandikia maranda kutoka kwa seremala. Daktari akitaka kujaribu dawa anawalaza kwanza kwa sindano ya usingizi, ananyoa kipande cha mgongo, anakata kidonda kidogo na kutia wadudu. Mimi nasema wadudu, yeye anasema bakteria. Wadudu hao walitoka kwenye mguu wa mchimbaji aliyekuwa amelazwa, na ni wabishi, dawa nyingi za dukani wanazidharau. Baada ya hapo panya wanagawanywa. Wengine wanapakwa dawa inayojaribiwa, wengine dawa ya hospitali inayojulikana, wengine maji matupu. Dawa zote zinakuja kwenye chupa za rangi moja zenye herufi, na mimi ninayepima siambiwi herufi ipi ni ipi. Siri iko kwenye bahasha, na bahasha iko kwenye kabati la Daktari. Nilimuuliza zamani kwa nini ananificha, akasema, "Sikufichi wewe, dada. Naficha mkono wako. Mtu akijua, mkono unaegemea."

Sasa nimseme mama yangu.

Mama alikaa kijijini, upande wa Tinde, na alikuwa anatibu vidonda. Alifundishwa na baba yake. Wagonjwa wake wengi walikuwa wachimbaji wadogo, watu wa kushuka kwenye duara, yaani yale mashimo ya dhahabu, na kukaa ndani na miguu kwenye maji machafu. Jiwe likikata unyayo huko chini mtu hapandi kwa ajili hiyo, anaendelea, na akipanda siku ya tatu mguu umeshaanza kunuka. Walimfuata mama kutoka Kahama, kutoka Masumbwe, wengine kutoka mbali zaidi. Dawa yake ilikuwa magome ya mti mmoja. Mti siutaji. Mama alinikataza kwa sababu zake na Daktari alinikataza kwa sababu zake, na kwa hilo moja walikubaliana bila kulijadili.

Nimeona kwa macho yangu vidonda vikikauka pale nyumbani. Nimeona pia visivyokauka. Mtoto anapenda kukumbuka vilivyokauka.

Miaka michache kabla ya haya, aliletwa kijana mmoja wa Masumbwe, mchimbaji, mguu umevimba mpaka gotini. Ndugu zake walikuwa wamemtoa hospitali kwa sababu walisikia mguu utakatwa. Mama alimtibu, na siku ya saba kijana akafia kwenye kibanda cha wagonjwa cha mama. Mama alisema kwamba siku ya nne aliwaambia wamrudishe hospitali, kwamba mguu ule umemshinda. Baba wa kijana alisema hakuambiwa hivyo. Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini, siwezi kusema nani alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba msibani yule baba alisimama mbele ya watu akasema, "Mwanamke yule ameniulia mtoto kwa magome." Mama alikuwa amekwenda kuzika, alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Aliinama tu, akakaa hivyohivyo mpaka watu wakaanza kuondoka.

Hakuacha kutibu, kwa sababu watu hawakuacha kuja. Lakini alibadilika. Alikuwa akimaliza kumfunga mtu kitambaa anabaki ameushika ule mguu, anautazama, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Siku moja nilipokwenda kumsalimia akaniuliza, kwa Kisukuma kama tulivyozoea, "Huko kwenu mnakopima dawa za watu, hamwezi kupima na yangu?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Nataka kujua nilikuwa natibu, au nilikuwa nawapaka watu maji ya mti. Nimeshakuwa mzee. Nikifika kwa baba yangu ataniuliza, na yule kijana ataniuliza."

Nilimpelekea Daktari habari hizo na akafurahi, kwa sababu kutafuta dawa kwenye miti ndiyo kazi iliyomleta. Alizungumza na ofisi zinazohusika, vibali vikatoka, karatasi za kumlinda mama na dawa yake zikaandikwa. Hilo nalisema ili asije mtu akadhani tulimwibia. Siku ya siku tukaenda kijijini, Daktari na mimi. Mama Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei na kusalimia. Daktari Kisukuma alikuwa anajua salamu ya "mwangaluka" na shukrani ya "wabeja" basi. Mkalimani nikawa mimi.

Hapo ndipo ilipo siku ambayo sikuiandika.

Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Alimkalisha Daktari kwenye kiti, yeye akakaa kwenye kigoda, akaeleza kama alivyoelezwa na baba yake, bila kuruka. Alisema unakwenda kwenye mti asubuhi, unausalimia. Unautajia jina la mgonjwa na jina la mama yake mgonjwa. Ndipo unakata gome, upande linakotoka jua. Ukifika nyumbani unachoma mabua ya pamba, majivu yake unatia kwenye kibuyu kilichotobolewa chini, unamimina maji juu, yanachuja taratibu. Maji yale ndiyo chakula cha mti. Gome lililokatwa bila kulishwa limenuna, na likiingia chunguni na kinyongo chake halimsaidii mtu. Kwa hiyo unaliloweka kwenye maji ya majivu mpaka kesho yake, linakula, linaridhika, ndipo unachemsha.

Alieleza kirefu, na kwa furaha. Alikuwa anaeleza kazi yake kwa mtu aliyesoma, na mtu aliyesoma alikuwa anaandika.

Mimi niliona aibu. Siwezi kulipamba jambo hili. Kazini nilikuwa nimejisifu kwamba mama yangu ni mtaalamu, si mganga wa kupiga ramli. Kanisani naimba kwaya, na nilishasimama kutoa ushuhuda kwamba mambo ya mizimu nimeyaacha. Na sasa mama yangu anamwambia Daktari kwamba gome la mti linanuna na linalishwa. Nikasema kwa Kiswahili, "Anasema unachukua magome, unaloweka mpaka kesho yake, kisha unachemsha."

Daktari akauliza, "Unaloweka kwenye maji ya kawaida?"

"Ndiyo, maji."

"Ameongea mengi, dada. Hakuna kingine?"

"Mengine ni ya kimila tu."

Akageuka akamtazama mama, akanitazama tena mimi. "Una hakika? Hata kitu kidogo. Chumvi, mafuta, chochote."

"Hakuna, Daktari."

Aliniuliza mara tatu. Mama alikuwa ametulia, anatutazama midomo. Nilidhani hafuati.

Magome tukayaloweka kwenye maji ya kawaida na kuyachemsha kama nilivyosema, na Daktari kwa mashine zake akakausha maji hayo mpaka ukabaki unga wa kahawia. Jaribio likaanza. Nilijua mojawapo ya herufi zile ni mama yangu, lakini sikujua ipi.

Nataka niwe wa haki hata kwangu mwenyewe: rula yangu haikuegemea. Nilipima kama nilivyofundishwa, na pale ambapo sikuwa na hakika nilipima mara mbili. Lakini moyo wangu uliegemea. Kulikuwa na kizimba kimoja ambacho panya wake walianza kula mapema, migongo ikawa inakauka, manyoya yanarudi, na mimi nikaamua ndani kwa ndani kwamba yule ni mama. Nilikuwa nikikifikia naingia taratibu kama mtu anayeingia nyumbani kwao. Kulikuwa na kizimba kingine ambacho panya wake walikuwa wanajikunyata pembeni, macho yamefumba nusu, na asubuhi nakuta mmoja amelala ubavu kwenye maranda. Kile nilikiita cha maji matupu. Niliwahurumia, lakini kwa huruma ya mbali.

Jaribio lilipokwisha Daktari alifungua bahasha mbele yangu, kama ilivyo kawaida yake. Kizimba nilichokipenda kilikuwa cha dawa ya hospitali. Mama alikuwa kwenye wale wanaojikunyata. Maji matupu yalikuwa kizimba cha tatu, na tulipolinganisha namba zangu, mama na maji walikuwa sawasawa.

Daktari alisema, "Pole, dada. Mara nyingi inakuwa hivi. Si aibu ya mtu."

Majivu niliyakumbuka palepale. Sitasema yalinijia baadaye. Nilisimama na daftari mkononi na nikayaona yale maji ya kahawia yanavyochuruzika kwenye kibuyu. Tena si kitu cha ajabu, sisi wenyewe tunapikia mlenda kwa maji yaleyale, na mtu yeyote wa kwetu anajua yanavyolainisha kitu kigumu. Lakini pale kazini nilithaminiwa kwa jambo moja tu, kwamba siongezi wala sipunguzi. Nikanyamaza. Nikajiambia labda majivu hayana maana. Labda kweli yalikuwa ya kimila tu. Hata leo siwezi kusema kwamba kujiambia hivyo kulikuwa uongo mtupu.

Jumamosi nikaenda kwa mama. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba na pumzi ilikuwa fupi, kliniki walisema ni moyo. Alikuwa amekaa nje anachambua choroko. Hakunisalimia kwa urefu kama kawaida yake.

"Panya wamesemaje?"

Nikasema, "Mama, haikufanya kazi."

"Walikufa?"

"Baadhi yao."

"Waliopakwa yangu na waliopakwa maji?"

"Sawasawa."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. Akatoa kingine. Baadaye akasema, "Basi yule baba alisema kweli."

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa kubwa, ya kutosha mtu kupita na mizigo. Nilimwambia asifikirie hivyo, kwamba hata hospitali watu wanakufa. Nilimwambia kila kitu ambacho si majivu.

Wiki ile akamrudisha mgonjwa. Alikuja mwanamume ana kidonda cha kisigino, amekodi pikipiki kutoka mgodini, mama akamwambia aende hospitali, kwake hakuna dawa. Yule mtu akadhani anataka kubembelezwa. Akasema kwa utani, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, au nimekuja mikono mitupu? Nitaleta kuku." Mama akamjibu, "Kuku utakula na watoto wako. Nenda."

Halafu akaomba aitwe baba wa yule kijana.

Alikuja na mdogo wake. Ni mzee mrefu, mkimya, na sikutegemea angekubali kuja. Mama hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini, na kwa hali aliyokuwa nayo kukaa chini ilikuwa kazi, nilimshika mikono yote miwili kumteremsha. Mimi nikakaa nyuma yake.

Akamsalimia mzee, akamuuliza nyumbani. Kisha akasema, "Nimekuita kwa sababu dawa yangu imepimwa. Wamepima watu wasionijua, hawana ugomvi na mimi wala na wewe. Imeonekana ni maji. Siku ile msibani ulisema nimemuua mwanao. Nilikasirika moyoni, nikakaa na hasira hiyo. Sasa nimejua ulisema kweli. Alikaa kwangu siku saba ambazo angekaa kwenye dawa. Naomba unisamehe."

Mdogo wake akakohoa, akasema, "Na huyu binti yako ndiye anayefanya huko wanakopima?"

Mama akasema, "Ndiye. Yeye ndiye aliyepima."

Wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Mzee alisema, "Mimi nilisema maneno makubwa siku ile. Ilikuwa uchungu."

"Yalikuwa ya kweli."

"Hata kama. Nimekusamehe, mama. Tangu sasa sina neno na wewe."

Kwetu jambo kama hilo halimaliziki kwa mdomo. Wakanywa maji kwenye kata moja, mzee kwanza, kisha mama, na mama akawanawisha mikono mwenyewe akiwa amekaa palepale chini. Mzee alilia kidogo, kwa utaratibu, kama mtu anayejifuta jasho. Mama hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kufua.

Walipoondoka nilimsaidia kunyanyuka, nikamfikisha kitandani, na nikamwambia. Sijui kwa nini nilisubiri mpaka wakati huo. Nimejiuliza sana, na jibu la haki ni kwamba nilikuwa naogopa watu wale zaidi ya nilivyomwogopa yeye. Nilimwambia, "Mama, majivu hayakutiwa. Siku ile sikumtafsiria Daktari majivu."

Akasema, "Nilisikia."

Nikamuuliza alisikia nini.

"Ulisema maji. Maji nayajua. Nilingoja useme majivu, hukusema. Nikafikiri huko kwenu majivu mnayo yenu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Nilimwambia nitakwenda kuwaita wale wazee warudi. Akanikatalia. Alisema wamekuja mwendo mrefu, wamesamehe, na mtu hawezi kuitwa mara mbili kwa jambo moja kama anacheza. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo liko kwangu. "Uliona aibu kwa ajili ya mti, au kwa ajili yangu?"

Nilisema kwa ajili ya mti. Sijui kama ni kweli. Alinipigapiga mkono, akasema anataka kulala.

Jumatatu nilimweleza Daktari. Alivua miwani akaiweka mezani. Hakupaza sauti; angepaza ingekuwa afadhali.

"Dada, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akavaa miwani tena. "Na mimi nilikosea," akasema. "Sikupaswa kumfanya mtoto awe mkalimani wa mama yake. Nilijua hilo, niliona ni usumbufu kutafuta mtu mwingine. Kwa hiyo tugawane." Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniambia nilete mabua ya pamba.

Alijaribu kwanza kwenye sahani ya maabara, bila panya. Kwenye sahani wadudu wanaota kama utando, na dawa inayowaua inaacha duara safi kuizunguka. Gome la maji ya kawaida halikuacha kitu. Gome la maji ya majivu liliacha duara. Lilikuwa safi, nililiona bila miwani ya mtu. Lakini niandike na hili: maji ya majivu peke yake, bila gome, nayo yaliacha kaduara kembamba. Daktari alisema, "Sahani si panya, dada. Na panya si mtu." Ili kurudia kwa panya ilibidi kibali kipya, kwa sababu wanyama hawatumiwi hovyo, na kibali hakiendeshwi na haraka ya mtu.

Nilimpigia mama simu kumwambia habari za duara. Aliyepokea alikuwa shangazi. Aliniambia mama hawezi kuongea vizuri leo, niseme yeye atamwambia. Nikaeleza. Nilisikia shangazi akimwambia kitandani, kwa sauti kubwa kama wanavyosemeshwa wagonjwa, "Binti yako anasema imeonekana kwenye sahani." Kisha shangazi akarudi kwenye simu akasema, "Ameitikia." Nilimuuliza ameitikia vipi, kwa neno au kwa kichwa. Akasema ameitikia tu. Sikuweza kupata zaidi ya hapo, na shangazi sasa naye akiulizwa anasema kila mara kitu tofauti kidogo. Mama alifariki siku ya pili yake.

Kwenye mazishi yule mzee wa Masumbwe alikuja. Alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa kweli, kwamba alimwita akakiri kosa lake mbele yake, na kwamba si watu wengi wana moyo huo. Watu walitikisa vichwa kwa kusifu. Mimi nilikuwa mbele, na shuka la msiba mabegani, na nilisikia mama yangu akisifiwa kwa kukiri kosa ambalo huenda halikuwa lake. Nilinyamaza tena. Hiyo sasa ilikuwa mara ya ngapi, wasomaji wahesabu wenyewe.

Kibali kilikuja baadaye. Nilimwomba Daktari mtu mwingine apime, akakataa, akasema rula yangu anaiamini na ndiyo maana herufi zipo. Safari hii sikukisia kizimba chochote. Nilijikataza. Nilikuwa nikiingia asubuhi natazama mgongo wa panya mmoja mmoja kama sijawahi kuona panya. Na bado nilijikuta naomba Mungu, na nikajiuliza kama mtu mwenye rula mkononi ana ruhusa ya kuomba.

Bahasha ilipofunguliwa, panya wa gome na majivu vidonda vyao vilikuwa vimekauka mapema kuliko wa maji. Hiyo ni kweli. Lakini baadhi walikufa, nayo ni kweli. Na wale wa majivu peke yake walikuwa katikati. Dawa ya hospitali iliwashinda wote. Daktari aliandika kwamba kuna dalili, lakini haitoshi kusema. Nilimuuliza kama yule kijana angepona. Alisema, "Hilo swali panya hawawezi kulijibu."

Nilikaa na hayo wiki kadhaa, kisha nikapanda gari kwenda Masumbwe.

Mzee nilimkuta nyumbani, ameanika mahindi kwenye turubai, anayageuza kwa mguu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniletea kiti. Sikunywa hata maji kabla ya kusema, niliogopa nitayatumia kuchelewesha. Nikamweleza yote: majivu, aibu yangu, jaribio la kwanza, jinsi nilivyokaa nyuma ya mama siku ile nikaitikia kwa kichwa, sahani, jaribio la pili. Nilimwambia na yale mabaya, kwamba panya wengine walikufa hata kwa majivu.

Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo mama yako alimtibu mwanangu, au hakumtibu?"

"Sijui, baba. Ninachojua ni kwamba aliyoyakiri kwako aliyakiri kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemwambia dawa yake ni maji, na sikuwa na haki ya kusema hivyo."

"Na ingekuwa na majivu angepona?"

"Sijui."

Aliyageuza mahindi kidogo. "Mimi nilikaa na mama yako moyoni miaka," akasema. "Nikilala yuko, nikiamka yuko. Siku ile aliponiita nikamtoa. Nikalala. Mke wangu atakuambia, nililala kama mtoto. Sasa wewe unakuja kuniambia hakukuwa na kitu cha kusamehe."

"Huenda hakikuwepo."

"Huenda." Alilirudia neno lile kana kwamba nimempa kitu chenye chembe za mchanga. "Basi huyo niliyemsamehe ni nani?"

Nilimwambia kama yuko wa kulaumiwa ni mimi, niliyekaa kwenye kiti chake. Akanitazama, si kwa ubaya, akasema, "Wewe hukumuua mtu. Wewe ulinyamaza." Kisha akasema, "Ulipaswa kusema siku ile, tukiwa tumekaa wote."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako angekuwa anasikia. Ningemwambia na mimi sijui. Tungekaa hivyo, wote hatujui."

"Ndiyo."

Upepo ulikuwa umebadilika, unanukia mvua. Akainama kuanza kukunja pembe ya turubai, nikainuka kumsaidia, akasema, "Acha, nenda, usije ukakosa gari." Nilimuaga. Nilipofika barabarani nikageuka, hakuwa nyuma yangu. Sitaandika kwamba alikataa kunisindikiza. Wingu lilikuwa limeshafika, na mahindi yake yalikuwa bado nje.